Msiba wa Ukubwa wa Dengu

Nyumbani kwetu kuna msiba,
ukubwa wake punje ya dengu.
Mfiwa ni mume wangu, Rubelindo,
fundi wa vigae, miaka hamsini na minne,
mtu aliyeangukiwa na mfuko wa saruji mguuni
akacheka, akaendelea kupanga sakafu ya watu.
Leo hali chakula.

Gita lilimchukua miaka kumi na mmoja.
Kila sakafu aliyoitandika hapa Punta Arenas
ilikuwa na kigae kimoja cha gita:
choo cha benki, jiko la mjane Barrientos,
ngazi za zahanati, ambazo walimlipa nusu.
Lilikuja kwa basi kutoka kaskazini, siku mbili na usiku wake,
limelala ndani ya sanduku kama mgonjwa wa kitajiri,
na alipolifungua sebule ikanukia mwerezi
hadi paka akapiga chafya.

Tangu hapo tukawa na sheria.
Mkanda wa suruali huvuliwa kwanza.
Kucha hukatwa Jumapili, juu ya gazeti.
Mpwa wake Yerko, kwa ajili ya zipu zake,
husalimiwa mlangoni.
Mimi nina miaka ishirini na tisa ndoani
na sijawahi kupanguswa kwa kitambaa laini namna ile.
Nasema tu.

Basi Jumatano akarudi kazini, akawasha taa,
akakiona.
Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu.
Aliliinamisha gita kwenye mwanga, huku, kule,
kidole gumba kikarudi palepale, palepale,
kama ulimi kwenye pengo la jino.
"Upepo," akasema. "Dirisha halikufungwa vizuri."
Na upepo wa huku, kusema kweli, una kesi nyingi:
umeng'oa mabati, umeangusha padri na kofia yake,
Oktoba manispaa hutufungia kamba barabarani tujishikilie.
Kesi moja zaidi ingeuumiza nini?
"Upepo," nikaitikia.

Tukalipeleka kwa Oyarzún, anayetengeneza viti na violini.
Akaweka kitambaa chenye maji, juu yake ncha ya pasi.
Mvuke ukapiga mluzi; Rubelindo akatazama ukutani.
Ubao haujavunjika, akasema Oyarzún, umebanwa tu,
ukiupa maji na joto hukumbuka ulivyokuwa.
Ukakumbuka nusu.
"Nusu iliyobaki mtaizoea. Elfu nane."
Mume wangu akahesabu noti
kama analipia jeneza.

Hakuligusa siku ile. Wala ya pili, wala ya tatu.
Kitambaa laini kikakauka juu ya kiti.
Alikula, lakini kama mtu anayetimiza ahadi.

Usiku wa tano, taa zikiwa zimezimwa, nikaongea na dari.
Haukuwa upepo, nikasema.
Nilikuwa nimemaliza kupiga deki.
Nililiinua nilisogeze, likalia lenyewe,
kidogo, kama mtu anayeitwa jina lake usingizini.
Nikakaa. Nikafunga mlango.
Hiyo ilikuwa Jumatano ya kwanza; zilifuata nyingine,
saa nne asubuhi, wewe uko kwenye sakafu za watu.
Mimi ni wa mkono wa kushoto, nalishika kinyume.
Mkanda sina. Kucha nilikata.
Pete nilisahau.

Kimya.
Nje, msingiziwa akatikisa mabati.
Kisha kitanda kikainuka upande wake,
nyayo zikaenda sebuleni, zikarudi polepole,
na harufu ya mwerezi ikaja kabla yake.
Akautafuta mkono wangu gizani, akaitafuta pete,
akaiweka juu ya kile kishimo.
Ikaenea.

Nilingoja anisomee kigae kimoja kimoja:
benki, mjane, ngazi za zahanati.

"Ulikuwa unapiga wimbo gani?" akauliza.

Sikuwa nimefika kwenye wimbo, nikamwambia.
Nilikuwa bado natafuta
mahali pa kuweka vidole.