Tui la Pili

Sikuruka hata kimoja. Nataka hili lijulikane kwanza.
Asubuhi baada ya chai, usiku baada ya Isha,
miaka tisa, kidonge kile kile cheupe,
na kifafa kikanisahau
kama mdai aliyehama mtaa.

Halafu mimba, mwezi wa sita.
Nilikuwa jikoni, Guraya, kifumbu mkononi,
tui la kwanza tayari, naongeza maji nikamue la pili,
na hapo kuna ukurasa uliochanwa.
Nilipozinduka chicha imenijaa nywele,
ulimi umeng'atwa,
na mama mkwe, Bi Thureya, kanishika kichwa akinisomea
huku jicho lake laitafuta pakiti ya dawa juu ya kabati.
Alivihesabu vitundu. Mbele yangu,
kama ahesabuye chenji aliyoletewa na mtoto.
Hesabu ilitimia.
"Basi ni wale," akasema.
Faraj hakusema kitu. Na ovaroli yake ya bandarini
alichuchumaa, akaniokota chicha nywelini
chembe kwa chembe.

Makadara, benchi la mbao, namba arubaini na saba.
Wakanitoa damu, chupa ikapanda ndege kwenda Nairobi
(mimi sijaipanda),
na siku ya tisa majibu:
dawa iliyomo mwilini ni nusu ya mwaka jana.
Nusu! Nikamwapia mfamasia,
Mbodze, kalamu kaichomeka nyweleni,
nikaapa kwa huyu aliye tumboni.

"Nani kakwambia umekosa? Jana ulipika nini?"
Wali. Wa nazi.
"Nazi moja, maji kikombe: tui zito.
Nazi ile ile, maji ndoo?"
Sikujibu. Niliisikia harufu ya sakafu ya jikoni.
"Damu imeongezeka, maji yameongezeka,
na hilo ndilo dogo.
Kubwa ni ini. Homoni za mimba zimelipa amri:
safisha, toa, safisha, toa,
kama makuli wa meli iliyochelewa.
Kidonge hakijamaliza hodi, kishasindikizwa mlangoni.
Si dawa zote. Nyingine wala hazijali.
Hii yako ndiyo yenye haraka."

Akaniandikia zaidi. Niliiogopa hiyo zaidi.
Nilidhani mwenye mimba hupunguziwa kila kitu:
chumvi, mizigo, maneno.
"Na mtoto?"
"Mtoto anataka mama asiyeanguka."
Nikiwa mlangoni akaniita: "Ukijifungua, rudi upesi.
Mpangaji akihama, ini nalo hupumzika."

Nikapanda. Viwili, viwili na nusu, vitatu,
kila mwezi sindano, kila mwezi chupa angani.
Nikimeza naligonga tumbo:
kodi hii ni yako, si yangu.
Sikuanguka tena.

Akaja Ijumaa, alfajiri, kilo tatu kasoro.
Nani hukumbuka maneno ya mlangoni?
Mkaja umenibana, uji wa pilipili manga,
wageni, ubani, maziwa yamejaa hadi kwapani.
Siku ya sita nikageuka kitandani
nikaona watoto wawili.
Wawili, wamelala sambamba, wamepiga miayo pamoja.
Nikainua macho: Bi Thureya wawili mlangoni.
Hapo ndipo nilipoogopa.

Mbodze kwenye simu hakunigombeza.
Vitatu vile vile, ila sasa hakuna wa kuvisindikiza.
Tukashuka ngazi polepole,
na kila nusu iliyopungua
watoto wangu wakasogeleana,
hadi asubuhi moja wakawa mmoja,
ana chongo la usingizi, analia njaa.

Jioni Bi Thureya aliacha nazi kwenye mbuzi,
akaja na kisu cha jikoni na sahani.
"Leo ni nusu, au nzima?"
Nusu.
Akakikata kidonge katikati, sawa kabisa.
Unga ukambakia kidoleni. Akautazama kitambo,
akaupangusa kwenye leso,
akarudi kukuna nazi.