Kuota

Ploti yetu Pipeline imebanana na ya jirani
hata ukinyoosha mkono dirishani
unaweza kukoroga chai ya mtu.
Jua ni la wenye ghorofa ya nane.
Huku chini hutufikia habari zake tu.

Tyubu nilizitoa kazini, Upper Hill,
siku mafundi walipobadilisha taa za korido.
"Hizi ni za kutupwa," akasema Wepukhulu. "Chukua, Kwamboka,
ila moja ikivunjika usivute unga wake."
Nikazibeba, futi nne nne, nimezifunga kwa leso,
watu wa stejini wakinipisha
kama niliyebeba mgonjwa.
Miaka sita nimepiga deki chini ya mwanga huo,
sikujua una chakula ndani.

Mara ya kwanza nilikosea.
Niliitundika taa darini, kama ya watu,
na nyanya zikatoka kwenye trei za mayai
zikikimbilia juu,
shina jembamba kama uzi wa kushonea,
shingo ndefu, kichwa kizito.
Siku ya tisa zote zimelala kifudifudi.
Mama kwenye simu, kule Nyamira, alijizuia kucheka:
"Mche ukiuonyesha mwanga kwa mbali
utaufuata hadi ujivunje. Shusha taa."
Nikaishusha kwa mnyororo wa baiskeli
mpaka vikabaki vidole vinne
kati ya jani na kioo.
Zinapopanda, naipandisha tundu moja.

"Na uzipepee," akaongeza.
"Mche usiosukumwa haujui kusimama."
Basi kila alfajiri nikirudi, kabla ya kuvua viatu,
nazipepea kwa kifuniko cha sufuria.

Saa kumi na sita zinakesha, nane zinalala.
Mimi nalala zinapokesha,
kitambaa machoni, tyubu inanguruma juu ya sinia,
mwanga unapenya kitambaa, unapenya kope,
mbegu zinaota, nami naota:
shamba lisilo na ukuta,
na mtu nisiyemjua ananiuliza bei.

Tokeni za hamsini hamsini.
Nimeacha kupasha maji ya kuoga.

Jumamosi moja mlango ukagongwa kwa ngumi.
Keateka Ndolo,
na nyuma yake wanaume wawili wasio na kazi ila kuona.
"Watu wanasema chumba chako hakilali.
Watu wanasema ni bangi."
Nikafungua pazia.
Hoho mia moja na nne, sukuma, nyanya,
katika vikombe vya maziwa lala,
zimejipanga kama chekechea wakisubiri uji.
Ndolo akainama. Akashika jani, akanusa kidole,
akanusa tena.
"Ni nyanya," nikamwambia.
"Najua," akasema. "Ni harufu ya kwa nyanya yangu."
Wale wawili wakaangalia viatu vyao.
Akaondoka na miche minne, hakulipa,
lakini tangu siku hiyo ufunguo wa paa uko kwangu.

Wiki ya sita nikazipandisha, ngazi zote nane,
sinia kichwani, nikipumzika kila kona.
Siku ya kwanza robo saa tu,
kwenye kivuli cha shuka za watu zilizoanikwa.
Hata hivyo jua la kweli halina subira:
lilizikuta zimelelewa na mwanga wa ofisi,
likazichoma ncha zikageuka nyeupe.
Upepo ukaja kutoka upande wa uwanja wa ndege,
ukazisukuma, na mashina
yakakumbuka kifuniko cha sufuria.

Nami nikatazama mikono yangu.
Usiku korido, mchana pazia, miaka sita.
Huku juu ilikuwa na rangi nisiyoijua.
Nikapindua ndoo, nikaketi kando yao,
macho nimefumba.
Leo robo saa. Kesho nusu.
Tunaota jua.