Kidahizo

Hilda Thackray anapanga vikaratasi mezani.
Halifax, Februari, rasharasha kwenye kioo,
kamusi imefika herufi ya tano.
Neno la leo limetoka Kilatini, likapita kwa Wafaransa,
likavuka mlango wa bahari na furushi lake moja:
kumfanya mtu awe mgeni.

Maana ya kwanza, anaandika kwa penseli:
*kukitoa kitu mikononi mwa mwenyewe.*
Hiyo imekufa. Anaichorea msalaba mdogo,
ndivyo wanavyoyazika maneno katika ofisi hii.
Ya pili, *kuhama mahali ulipopazoea*, inakoroma tu.
Ya tatu iko hai.
Ya tatu huamka naye na kuinjika birika.

Visawe, basi. Utengano. Faraka. Uhasama.
Uhasama anaufuta: uhasama una kelele,
na kwao hapakuwa na kelele.
Palikuwa na saa ya ukutani ya marehemu mama,
na Enid, Jumanne, na gari la kuazima,
akaichukua kabla hata ya mazishi.
Ukutani likabaki duara jeupe.
Hilda hakulipaka rangi.

Talaka? Talaka ina hati.
Kifo? Kifo kina tarehe, na majirani huleta keki.
Kususa ni kwa watoto, huisha njaa ikibisha.
Hili halina siku lilipoanza.
Miaka kumi na tisa, mitaa mitatu.
Enid hununua mkate Ijumaa, kwa hiyo
Hilda hununua Alhamisi,
na Jumapili hutafuna ukavu.

Katika lugha ninayomwandikia mimi
kitenzi kingemdai mwenzake:
kufarakana, kutupana, kutosemezana.
Ule mkia haukubali mtu mmoja,
lazima wawili waushike, huku na huku.
Lugha ya Hilda ina huruma nyingine, au hila:
mtu *ametengwa*, nukta.
Na nani, haisemi.

Kumebaki mfano wa matumizi.
Wasomaji huwatumia mifano kwa posta, bure,
walimu wastaafu, makasisi, watu wasiolala.
Anakitoa kikaratasi kutoka bahasha ya Januari,
hakina jina, kimenakiliwa gazeti la parokia:
*Mbwa alirudi baada ya majira mawili ya baridi,
wala hakuonekana kuwa mgeni kwa mlango.*

Ile g.
Mkia wake unazama chini ya mstari, unapinda
kama ndoano ya kutundikia koti.
Walifundishwa meza moja, kalamu moja,
waligombania wino.

Mfano haufai. Mbwa si ushahidi,
na neno lenyewe halimo, limezungukwa tu.
Kanuni inasema: kapuni.
Anakigeuza. Nyuma hakuna kitu.
Anakigeuza tena.

Saa kumi na moja, taa za ofisi zinazimwa.
Leo Alhamisi, na amepita mbele ya duka la mikate
bila kuingia,
kikaratasi ndani ya glovu.
Nyumbani kipande kingalipo, kigumu,
cha kumfikisha kesho.