Miezi Mitano Isiyo na Namba

Zihindula, umeniuliza kuhusu daftari la tatu,
lile la jalada la kijani lililotafunwa na mende,
kwa nini namba zinakatika Oktoba
na kurudi Machi, kwa kalamu nyingine.

Nitakujibu. Ila kwanza panda tena hapa Kadutu,
zile ngazi za udongo nyuma ya soko,
ufike uani kwetu ukihema,
ukione kipimamvua chenyewe:
mkebe wa zinki juu ya nguzo ya mkaratusi,
mdomo wazi kama kinda.
Baba aliusoma kila saa mbili asubuhi.
Hakutunga shairi hata moja maishani mwake
lakini mizani aliijua:
kumi na mbili nukta nne.
Sifuri.
Sifuri.
Manyunyu, hayapimiki.
Na hayo yasiyopimika aliyaandika.

Kielelezo chako nilikiona,
siku ulipofungua kompyuta juu ya kreti ya bia.
Umeikata nchi miraba, kila mmoja kilomita tisa,
na katika mraba wetu umetia
Kadutu, kipande cha ziwa, kona ya Rwanda,
kisha ukatafuta wastani wa urefu wao.
Mlima ukashuka, ziwa likapanda,
wakakutana mahali asipoishi mtu.
Sikucheka. Nawe hukucheka.
Ulisema: ndiyo maana nautaka mkebe wenu.

Usiku ule wa Aprili kielelezo kilitoa milimita sita.
Mkebe ulitoa themanini na moja.
Korongo halikutoa kitu, lilichukua:
jiko la Mama Nsimire, ukuta wa choo,
mbuzi aliyekuwa amefungwa kwa kamba nzuri.

Sasa Oktoba.
Mwaka ule wa tisini na sita tuliondoka na kilichobebeka.
Baba alilivaa daftari kifuani, chini ya shati,
mkebe akauacha usimame peke yake.
Kwenye njia ya Walungu mvua ilitukuta.
Alinyoosha kiganja, akakitazama kitambo,
akasema, kama ishirini hivi.
Hakuandika.
Nilikuwa na miaka tisa, nikamuuliza kwa nini.
Mkono si chombo, akasema,
akaufuta kwenye suruali.

Tuliporudi mkebe ulikuwepo, faneli haikuwepo.
Tuliigundua barabarani kwa Kadhafi mmoja,
akimiminia wenye pikipiki petroli kutoka chupani.
Alitaka kulipwa. Baba alitaka kueleza hali ya hewa.
Mazungumzo yalichukua wiki tatu
na debe moja la maharage.

Ndiyo Machi yako hiyo.
Siku za kwanza maji yalinuka mafuta,
na ndani ya mkebe ulielea upinde wa mvua
mdogo, wa kutosha kidole.
Tazama pembezoni mwa ukurasa: *maji yana rangi.*

Unasema pengo linazibika,
kwa vituo vya jirani, kwa setilaiti, kwa hesabu,
na mstari utapita laini, hakuna atakayejua.
Najua unaweza.
Kama kielelezo hakili daftari lenye tundu, basi kilishe,
ila kwa wino wa rangi nyingine,
ajaye aone ni mkono wako, si wa baba.

Na sifuri usiweke. Hilo nakuomba.
Sifuri ni siku ambayo mtu alitoka nje,
akainama, akachungulia,
akakuta kukavu.

Leo asubuhi: tatu nukta mbili.
Ukungu umelala ziwani, Idjwi haionekani.
Nimekutumia kwa simu; salio likiniishia
utaikuta kwenye daftari jipya.
Nalifungia ndani ya kopo la maziwa ya unga,
kwa ajili ya mende.