Filimbi ya Saa Kumi na Mbili

Nilimwona Mfaume kabla hajaniona,
mbele ya duka la vipuri, Chang'ombe,
anakula muhogo wa kuchoma na pilipili,
yule yule aliyeniambia jana kwa simu
yuko Ifakara, msibani kwa shemeji.

Elfu arobaini na tano. Sare tatu za shule,
nilizikata kwa mwanga wa kibatari
wiki ile umeme ulipolala siku nne
na mafundi wakasema nguzo imeoza.
Tangu Januari. Sasa ni Agosti,
na sare zimeshaanza kuwabana watoto.

Akanyanyua macho. Muhogo ukadondoka.
Akatimua mbio, nami nyuma,
ndala moja nikaiacha kwenye mtaro
ambao diwani alituahidi kuufunika kwa zege
kabla ya mvua.
Hakusema mvua za mwaka gani.

Tulipofika usawa wa kituo cha polisi
filimbi ikalia.

Mfaume akasimama.
Nami nikasimama.
Hatua sita kati yetu, nilizihesabu.
Bodaboda akazima injini. Muuza mayai
akabaki na yai mkononi, limemenywa nusu.
Kibwana, mlevi wa kila siku, akavua kofia
akaegemea ukuta ili asiyumbe.

Bendera ikaanza kushuka.
Imepauka. Mimi fundi, jicho langu halisamehi:
pindo la chini limefumuka,
bluu imekuwa rangi ya maji ya kufulia,
nyeusi peke yake ndiyo imeshika.
Ningeishona kwa nusu saa, bure.
Hawajaniomba.

Unyayo mtupu kwenye lami bado ya moto,
nikawaza, bila kutaka, kiwanja chetu cha Chamazi:
faili lake limepotea mara tatu
na mara tatu limeonekana baada ya karani kunywa chai.
Nikawaza wodi ya Temeke, mwaka niliomzaa Sikudhani,
wazazi wawili kitanda kimoja,
mwenzangu Mngoni, mimi Mndengereko,
tumelala mzungu wa nne
na vichanga katikati kama mikate.
Akanipa upande wa ukutani
kwa kuwa mimi nilikuwa na nyuzi.
Shuka letu lilikuwa na tundu.
Usiku kucha alilivuta kuja kwangu.

Mpwa wangu akija likizo kutoka Muscat
huniuliza: shangazi, huku mnaishije?
Nami niliyeamka nikilaani bomba kavu,
nikalaani mgambo, nikalaani bei ya sukari,
humkata kwa jicho: tunaishi.
Kidonda changu, nakikuna mwenyewe.

Nikautazama mgongo wa Mfaume.
Shati limelowa. Kichochoro kiko wazi
kushoto kwake, hatua mbili tu,
na alijua nisingemfuata,
si katikati ya filimbi mbili.
Kisigino hakikuinuka.
Mwongo wa simu, mdaiwa sugu,
amenyooka kama mtoto wa darasa la pili mstarini.
Kitu kikanipanda kifuani
nikaona haya kukitaja jina,
tena kwa ajili ya mtu anayenidai subira
kuliko ninavyomdai pesa.

Askari akaikunja bendera polepole,
akalificha pindo lililofumuka kwa ndani,
kama ufanyavyo kwa nguo ya mwanao
ukimpeleka kwa watu.

Filimbi ya pili.
Injini zikarudi, yai likamalizwa kumenywa.
Mfaume akageuka. Akautazama mguu wangu.
"Mama Siku, ndala yako iko wapi?"
"Mtaroni. Kamuulize diwani."
Akacheka. Mimi pia, Mungu anisamehe, nikacheka.

Kisha mshenzi yule akachomoka tena,
kichochoroni,
na mimi nikaivua ndala iliyobaki
nikaishika mkononi
nikakaza kanga.