Upande Wake wa Kulia

Saa mbili asubuhi nilimdunga mkononi,
dawa isiyo na rangi, vijiko vitatu hivi,
nikamwambia: sasa tungoje muda wa saa nne.
Akadhani hakusikia. Akanigeuzia sikio zima.
Saa nne, nikarudia. Moyo huipata papo hapo,
na figo huanza kuitoa kabla hujamaliza kahawa.
Sikio la ndani ndilo linalojivuta:
limejichimbia kwenye mfupa mgumu kama jiwe,
mlango wake mwembamba, bawabu wake hana haraka.

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa.
Hawakusema kama lililo hai husikia upesi.

Nje, Turku ilikuwa bado gizani. Januari.
Trekta lilikuwa likisukuma theluji uani mwa hospitali.
Sirkku alikaa, koti mapajani,
kiganja kimoja ukutani. Hakukitoa.
Wagonjwa wa kizunguzungu nawajua kwa kiganja hicho.

Miaka ishirini na sita ameendesha kreni,
mita sabini juu ya meli zisizopewa majina bado.
Novemba, bamba la tani arobaini likining'inia,
mbingu ikapinduka kama sahani.
Hakupiga kelele. Aliachia mikono yote miwili
(mashine ikiachiwa husimama, ndivyo ilivyoundwa),
akamwambia Oiva kwenye redio: "Ondoa watu chini,"
kisha akatapika ndani ya kofia yake.
Zimamoto wanne, saa nzima, kumteremsha.

Na kabla ya hapo miaka sita ya majibu:
ni umri. Ni shingo. Unakunywa kiasi gani?
Punguza chumvi. Lala.
Mmoja aliandika "wasiwasi", akapigia mstari.

Saa sita pete ikagoma, tukaitoa kwa sabuni.
Kifaa cha kusikilizia akakiweka kiganjani mwangu,
kingali vuguvugu.
Ndani ya mashine ya MRI wengi huogopa ule mlio,
huminya mpira wa kengele hata sijafika kitini:
ngo-ngo-ngo, kisha drrr, kisha nyundo juu ya bati.
Sirkku alilala.
Baadaye alisema ilikuwa kama karakana ya mabamba,
zamu ya usiku, enzi za masikio mawili.

Kwenye skrini konokono akajitokeza,
mizunguko miwili na nusu, mdogo kama njegere.
Kulia: maji yamepokea dawa, yameng'aa,
na katikati uzi mweusi, mwembamba, mahali pake.
Kushoto weusi umefura kama kiriba,
umeubana mwanga pembezoni.
Nimeiona picha hii mara nyingi, na bado hunishangaza
kwamba ugonjwa huonekana pale dawa isipoingia.

Kazi yangu ni kupiga, kusoma ni kwa daktari.
Nilivaa uso wa sheria nilipomtoa.
Lakini yeye amezoea kusoma midomo,
na wangu ulikuwa umeshasema.

"Kipo?"

Nikageuza skrini. Nisingepaswa.
Akavaa miwani, akatazama
kama anavyotazama mzigo kabla haujaachana na ardhi.
"Kadogo hivi," akasema. Kisha:
"Oiva hataamini."
Akalia kidogo, akacheka katikati ya kulia,
akajifuta kwa mkono wa gauni la hospitali.

"Kreni hawatanirudishia," akasema, akiirudisha pete
kwa shida ileile iliyotoka nayo.
"Hilo najua. Lakini sikuwa mwongo."

Kifaa kikapiga mluzi alipokivaa, akakikemea.
Korido yetu ni ndefu, rangi ya maziwa,
haina pa kushika mpaka kwenye lifti
ila ukuta.
Ukuta akauweka kushoto.
Mimi nikatembea upande wake wa kulia.