Futa Mvua

Mwalimu Kihiyo alinilipa shilingi mia tano kwa saa
nimsomee Kijerumani nisichokijua.
"Soma kama unavyotwanga. Kupeta niachie mimi."
Nikatwanga: barua za mashamba ya mkonge,
uzito wa singa, majina ya manamba
yaliyoandikwa na mtu mwenye haraka ya kwenda kula.

Chumba kile cha Ngamiani kilinuka kafuri.
Mezani, fremu ya mbao, nyaya kumi na sita za shaba,
kijiti cha mpingo kisicho na wino,
na kaboni katikati ya karatasi mbili.
Mkono wake ulitambaa waya hadi waya
kama apapasaye ukuta usiku akienda msalani.

"Si ubunifu wangu," alisema.
"Kulikuwa na Mmarekani, zama za bibi wa bibi yako.
Wanafunzi walirushiana mkate,
kipande kikavu kikamtwaa jicho.
Akaandika habari za wafalme wa nchi asizozikanyaga,
kwa waya kama hizi, na wasomaji wakakohoa vumbi la farasi."
Akanyamaza.
"Mimi yangu naikanyaga kila siku. Sina kisingizio."

Sura aliitunga akitembea, Raskazone na kurudi.
Akifika mlangoni hatumsalimii
mpaka aimwage.

Sura ya mgomo ilianza na mvua.
Mvua juu ya mabati ya korona, mapanga chini,
maji yakiwatiririka wakata mkonge viwikoni,
na hakuna aliyeinama.
Nilipomsomea sauti ilinikwama.
"Mvua umeitoa wapi, Mwalimu? Faili halina mvua."
"Historia bila hali ya hewa ni daftari la duka."
Kisha, kama aliyekanyaga mwiba:
"Nenda Pongwe. Kaulize."

Bi Nasemba aliuza mihogo langoni siku ile.
"Mvua?" Alicheka akashika mbavu.
"Jua, mwanangu. Jua la kukausha mate.
Na mihogo yangu waliila bila kulipa,
mume wangu wa kwanza akiwa mmoja wao.
Andika hilo."

Nilimwambia. Kijiti kikazunguka vidoleni.
"Futa mvua."
"Yote?"
"Yote. Weka mihogo."

Nikakata mistari kumi na minne kwa kalamu nyekundu.
Lakini karatasi ya juu, ile isiyoshika rangi,
bado ina mikwaruzo ya mpingo. Ninayo.
Nikiilaza ubavuni mwa taa
mvua inanyesha Pongwe,
na hakuna anayelowa.